Anga na Pepo katika Sanaa ya Pwani

Hamu ya pepo na hamu ya kusafiri angani huchanganywa kwa urahisi, kwa kuwa zote mbili humfanya mtu ainue macho. Mchoraji wa roketi iondokayo na mchoraji wa roho ipaayo hutumia mstari uleule kutoka chini kwenda juu, na mwanga uleule ukitokeza gizani. Dini na fizikia, hata hivyo, hazisemi jambo moja kuhusu huko juu, na swali la kama pepo ni mahali panapofikika kwa chombo limewashughulisha wasanii wa Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Pwani ya Tanga yafaa sana kulichunguzia swali hili: ina makaburi yake yaliyosimamishwa nguzo, ina kumbukumbu ya meli iliyobeba jina la malaika, na ndiko alikozaliwa mwandishi aliyeiweka nchi nzima angani.

Tongoni, kijiji cha wavuvi kilicho kilomita zipatazo 17 kusini mwa Tanga kwa barabara ya Pangani, zamani kilijulikana kwa jina la Mtangata. Magofu yake ni ya msikiti mmoja na makaburi yapatayo 40, na hukadiriwa kuwa ya karne ya 14 na 15. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tumbawe likitoka tu majini huchongeka kama mti laini, likikauka huwa gumu, na mafundi wa pwani walijua kulichonga upesi kabla halijawashinda. Makaburi kadhaa yalijengewa nguzo upande wa kichwani, na nguzo nyingi sasa zimeanguka. Kwenye zile zilizosalia, mtazamaji huona vishimo vya mviringo vyenye ukubwa wa bakuli la mchuzi, ndani vitupu, kingo zake zikiwa na chokaa iliyobaki na alama ya kitu kilichobanduliwa. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, alikuta pia kipande cha kigae cha Kiajemi chenye maandishi.

Waliojenga hawakuacha maelezo ya nguzo hizo. Wanahistoria wengine huziona kuwa alama ya ukoo na cheo cha marehemu, wengine hufikiri zinatokana na mila za wenyeji zilizotangulia Uislamu, na hakuna kinachozuia maelezo yote mawili kuwa ya kweli. Wanasheria wa dini wa siku nyingi hawapendi kaburi kupakwa chokaa wala kujengewa, hivyo sanaa hii imesimama pembeni kidogo ya fikihi, kama ilivyo sanaa nyingi ya Waislamu duniani. Mpango wake unaeleweka kwa macho, bila kitabu: mwili uko chini, jiwe linapanda, na juu yake kuna kitu kinachonasa jua. Kilwa Kisiwani mafundi walipachika bakuli kama hizo kwenye kuba za msikiti mkuu, na mtu aliyeketi chini ya kuba ile alikuwa na anga ya kaure juu ya kichwa chake. Sanaa hii haikudai kufika popote. Iliweka alama ya upande wa kutazama.

Walikuwako watu waliodai kukaribia. Aprili 1498, siku moja kabla ya kuona Mombasa, meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda fungu karibu na Mtangata ikakwama hadi maji yalipojaa. Wenyeji walikwenda na mitumbwi kuwauzia machungwa, na mwandishi wa kumbukumbu za safari akakiri kuwa yalishinda ya Ureno. Januari 1499, wakirudi kutoka India, Wareno walikuwa wamekufa wengi kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. São Rafael ikachomwa moto papo hapo karibu na Mtangata. Kilichookolewa ni sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli, mlinzi wa wasafiri katika imani ya Kikatoliki, na sanamu inayotajwa kuwa ndiyo hiyo imo katika jumba la makumbusho ya bahari mjini Lisbon.

Mwaka uleule wa 1498, mwezi Agosti, Christopher Columbus alikuwa upande wa pili wa dunia, kwenye ghuba ya Paria katika pwani ya Venezuela ya leo. Alipoona maji baridi mengi ya mto Orinoco yakimwagika baharini, alihitimisha kwamba yatoka katika bustani ya Edeni. Akawaandikia wafalme wake kwamba dunia si duara kamili, ina umbo la pea, na pepo ya duniani iko kwenye kile kijitutu cha juu. Kosa lake la jiografia hutajwa kwa kicheko. Jambo la maana zaidi ni kwamba hakujaribu kupanda. Aliandika kuwa hakuna awezaye kufika huko ila kwa idhini ya Mungu. Qurani, katika Sura ya Rahman, inawaambia majini na watu maneno yaliyo karibu na hayo: wakiweza kupenya mipaka ya mbingu na ardhi na wapenye, lakini hawatapenya ila kwa mamlaka. Baada ya watu kutua mwezini mwaka 1969, aya hiyo ilisomwa sana misikitini, wengine wakiiona kuwa katazo na wengine kuwa ruhusa.

Katika Uislamu wa pwani, kisa kikubwa cha kupaa ni Miraji, kinachokumbukwa usiku wa kuamkia mwezi 27 Rajabu. Kimesimuliwa kwa tenzi za Kiswahili, hasa Utenzi wa Miiraji, na husomwa misikitini na majumbani. Mtume alichukuliwa usiku kutoka Makka hadi Baitul Mukadasi juu ya Buraki, kisha akapandishwa mbingu saba. Msimulizi wa kisa hiki hufanya kazi ya mchoraji: kila mbingu ina mlango, mlango una bawabu, na ndani yuko nabii. Adamu yuko ya kwanza, Isa na Yahya ya pili, Yusufu ya tatu, Idrisa ya nne, Haruni ya tano, Musa ya sita na Ibrahimu ya saba. Mwisho kabisa upo mkunazi, ambao hakuna kiumbe aupitaye. Msikilizaji wa Tanga haulizi mkunazi ni mti gani. Anaujua kwa matunda yake, na majani yake ndiyo yanayotiwa katika maji ya kumwoshea maiti.

Wanazuoni walihitilafiana kama Mtume alipaa kwa mwili au kwa roho, na hitilafu hiyo ni swali la falsafa hasa. Ikiwa ni mwili, mbingu zina nafasi na umbali, na kupaa ni safari kama safari nyingine ila kwa chombo cha ajabu. Ikiwa ni roho, juu na chini ni maneno ya kumsaidia msikilizaji. Wengi wamesimama upande wa mwili, wakisema kwamba kama ingekuwa ndoto watu wa Makka wasingekuwa na sababu ya kukanusha. Tenzi hazikuingia sana katika ubishi huo. Zilipopanuka ni katika majadiliano ya swala: hamsini zilifaradhishwa, Musa akamshauri Mtume arudi kuomba zipunguzwe, na baada ya kurudi mara kadhaa zikabaki tano. Sehemu hiyo ina ucheshi mpole, nabii mzoefu akimtahadharisha mwenzake jinsi umma ulivyo mzito. Na ndiyo inayoamua maana ya kisa kizima. Aliyeiona pepo hakubaki huko. Alirudi kabla ya alfajiri na wajibu wa kila siku kwa ajili ya watu waliokuwa wamelala.

Mwaka 1919 padri Mhispania Miguel Asín Palacios alitoa hoja kwamba Dante, katika shairi lake la kupanda mbingu hadi mbingu, alikuwa amefikiwa na masimulizi ya Miraji. Hoja hiyo ilizua mabishano makali Ulaya na bado haijakubaliwa na wote. Kwa msomaji wa tenzi haishangazi kusikia kwamba kisa kizuri kilivuka bahari.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate inafuata njia nyingine. Mshairi anauhutubia moyo wake akiuonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka, vidaka vilivyowekwa vyombo vya kaure vikiwa sasa makao ya ndege na popo. Utenzi huo, unaohesabiwa kuwa kilele cha ushairi wa kidini wa Kiswahili, unaishia kwenye tabaka za moto, na pepo karibu haisawiriwi. Mshairi aliona pengine kwamba mtu aliyezoea hariri na taa za kioo akisimuliwa bustani na mito atadhani anaahidiwa Pate nyingine.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kati ya Tanga na Tongoni. Alianza kazi akiwa karani wa forodha mwaka 1926, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Kwa hiyo mtu huyu aliijua vizuri barabara inayopita kando ya magofu, na aliijua serikali ya kikoloni kutoka ndani, kwa daftari na muhuri. Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chake Kusadikika, na jalada lenyewe lilimwambia msomaji kwamba ni nchi iliyo angani. Ilikuwa miaka 10 kabla ya Yuri Gagarin kwenda angani.

Msomaji anayefungua kitabu hicho akitarajia malaika hukuta baraza la mahakama. Kusadikika ina mfalme, mawaziri, askari na gereza. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kutafuta mema ya nchi: wanne pande nne za dunia, mmoja ardhini na mmoja mbinguni. Kila aliyerudi na maarifa alilipwa kifungo. Wahakiki wameona hapo, kwa haki kabisa, kejeli ya ukoloni iliyofichwa mbali ili ipite mikononi mwa wakaguzi. Lakini kuna jambo ambalo usomaji wa kisiasa huliruka. Watu wa Kusadikika tayari wako angani, na bado wanamtuma mjumbe mbinguni. Mbingu haikuwa pale walipo. Ilibaki juu yao kama ilivyo juu ya mvuvi wa Tongoni, na kwa kuishi angani hawakupunguziwa dhuluma hata kidogo. Mwandishi wa fasihi ya kisayansi angehitaji kurasa nyingi kulisema hilo, na Shaaban Robert alilisema kwa kupanga ramani tu. Mjumbe wake pia, kama katika Miraji, thamani yake iko katika kurudi, na kosa la nchi ni kumfunga aliyerudi.

Muda si mrefu anga ikaja pwani kwa vyuma. Mwaka 1960 Marekani ilianza kuweka Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyopokea mawimbi yake. Baadhi ya watu visiwani walikituhumu kuwa ni cha kijeshi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikaondolewa. Kaskazini zaidi, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, na kurusha setelaiti ya kwanza kutoka hapo Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Atokaye Malindi kwenda Ngomeni hupitia Mambrui, penye kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za China. Miaka kama mia tano inatenganisha kazi hizo mbili, na umbali wa barabarani ni mfupi. Hata hivyo, ya pili haikuwa na neno kuhusu wafu.

Riwaya ya Kiswahili ilizijibu zama za roketi kwa namna yake. Katama Mkangi, mwanasosholojia kutoka pwani ya Kenya aliyetiwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Dzombo, shujaa wa riwaya hiyo, anahukumiwa kifo kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani ambacho wafungwa waliomtangulia hawakuweza kukiongoza. Yeye anajifunza kukiendesha, anaokoka, anatua katika nchi isiyo na tajiri wala mnyonge. Hiyo ndiyo pepo ya Mkangi, na haina mito ya maziwa. Ina kazi, elimu na watu wanaosalimiana kwa usawa. Kama utopia nyingi, Walenisi ina kurasa ambazo maelezo ya mfumo mzuri yanamlemea msomaji, kwani nchi isiyo na ugomvi ni ngumu kuisimulia. Riwaya inapata nguvu tena Dzombo anapoona kwamba hawezi kustarehe huko wakati kwao watu wanateseka, akaamua kurudi.

Zambia ilimpata msafiri wake wa angani mwaka uleule wa uhuru, 1964. Edward Makuka Nkoloso, mwalimu na mpigania uhuru, alitangaza kwamba angewapeleka Wazambia mwezini na Mirihi, akawafunza vijana kwa kuwabingirisha kilimani ndani ya pipa la mafuta. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalimcheka. Katika maelezo yake alisema kuwa misionari atakayefuatana na msafara ameonywa asiwalazimishe watu wa Mirihi kuwa Wakristo, na kwa sentensi hiyo ni vigumu kujua nani hasa alikuwa akichekwa. Mpigapicha Mhispania Cristina de Middel aliibua upya hadithi hiyo katika kitabu chake cha picha cha mwaka 2012, na Nuotama Bodomo, mwenye asili ya Ghana, akaitengenezea filamu fupi mwaka 2014. Wanuri Kahiu wa Kenya, katika filamu yake Pumzi ya mwaka 2009, aliigeuza safari yenyewe. Watu wake wanaishi katika mji uliofungwa kama chombo cha angani, maji yakipimwa kwa tone, na anayetafuta pepo hupenya kwenda nje, katika ardhi iliyokauka, akiwa na mche mmoja. Anaupanda na kuunywesha maji yake ya mwisho.

Mbali na sanaa hizi, yapo mawazo mawili yaliyochukulia kuwa anga na pepo ni mahali pamoja. La kwanza ni la Nikolai Fyodorov, mkutubi wa Moscow aliyefariki mwaka 1903. Aliamini kuwa wajibu wa binadamu ni kuwafufua wazazi wao wote kwa sayansi, na kwa kuwa dunia isingewatosha, sayari nyingine zingekaliwa na waliofufuliwa. Konstantin Tsiolkovsky, aliyekokotoa hesabu za roketi, alisoma chini ya uangalizi wake akiwa kijana. La pili ni lile la Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, aliyetamba kwamba Gagarin alikwenda angani mwaka 1961 na hakumwona Mungu. Mmoja aliigeuza pepo kuwa mradi na mwingine akaifanya chumba kilichokaguliwa na kukutwa kitupu, ila dhana ya wote wawili ni moja: pepo, kama ipo, ni suala la umbali.

Dhana hiyo haisimami vizuri. Mahali panapofikika kwa chombo ni mahali penye wakati, na penye wakati vitu huchakaa, watu huzeeka na hugombea nafasi. Kwa hiyo kila sayari itakayokaliwa itahitaji mahakama, na itaweza kuwa Kusadikika. Mapokeo ya Kiislamu yanasema kuhusu pepo kwamba hakuna jicho lililowahi kuyaona yaliyomo wala sikio lililoyasikia, na Paulo aliwaandikia Wakorintho maneno ya namna hiyo. Kauli hizi zinaiweka pepo mbali na darubini kwa aina yake, hata ingekuwa karibu. Anayepinga anaweza kusema kwamba huku ni kuikimbiza hoja isikamatwe, na pingamizi hilo ni zito. Jibu lililo bora limo katika masimulizi yenyewe: Miraji ilisimuliwa karne nyingi kabla ya roketi, na iliuweka mkunazi kuwa mpaka hata kwa malaika. Haikubuniwa ili kuwakwepa wanaanga.

Wanaanga wenyewe walilazimika kulishughulikia jambo hili kwa vitendo. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alikwenda angani Juni 1985. Mwaka 2007, kabla ya Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia kupelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha angani katika mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo wa ibada. Kituo kile huizunguka dunia mara zipatazo 16 kwa siku, kwa hiyo jua huchomoza na kutua mara hizo zote. Mwongozo ulisema swala zibaki tano ndani ya saa 24, zikifuata saa za mahali chombo kilikoondokea, yaani Baikonur huko Kazakhstan. Kuhusu kibla aliambiwa aelekee Kaaba akiweza. Asipoweza, aelekee uwima wa Kaaba angani. Asipoweza hilo, aielekee dunia, na likishindikana lote, popote atakapoelekea patatosha.